Jackson Mayanja na kiti cha ukaimu

Januari 2016 Simba SC ilimfungashia virago kocha wake Mwingereza, Dylan Kerr, siku chache baada ya kung'olewa na Mtibwa Sugar kwenye Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar. Timu akaachiwa Mganda, Jackson Mayanja. Kila mtu Msimbazi, kwenye makao ya Simba, alijua, na Mayanja naye alijua, kwamba ameachiwa ashikilie wakati uongozi unatafuta kocha mwingine. Akashikilia kweli. Alishinda mechi zake za mwanzo mfululizo na Simba ikapanda hadi kileleni mwa ligi. Msimu ulipokwisha akaletwa Mkameruni Joseph Omog, na Mayanja akasogezwa pembeni kuwa msaidizi.

Nimekuwa nikiifuatilia safari ya kocha huyu kwa miaka mingi, na kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyoona ndani yake habari ya wachezaji wetu wakubwa wa Uganda karibu wote waliogeukia ukocha. Si kweli kwamba Waganda hawa wananyimwa kazi. Kazi wanapewa, ila wanapewa ile isiyokuwa na muda ndani yake. Nyumba ikiwaka moto wanaitwa, wakishauzima wanaambiwa asante na mlango unafungwa. Baadaye tunakaa redioni na kuuliza mbona Uganda haina makocha wakubwa.

Vijana wanaomjua Mayanja kama mzee wa benchi hawana budi kuelezwa alikuwa nani. Mia Mia, kama alivyoitwa, aling'ara KCC, klabu ya jiji la Kampala, katika zama ambazo uwanja wa Nakivubo ulikuwa ukijaa na kumwagika. Zilikuwa zama ngumu kwa mchezaji wa Uganda kujulikana nje, lakini ndani ushindani ulikuwa mkali. SC Villa ya akina Paul Hasule na Majid Musisi ilifika fainali ya Klabu Bingwa Afrika mwaka 1991, ikafungwa na Club Africain ya Tunisia. KCC ndio waliokuwa wakipimana nguvu na Villa hiyo. Mayanja alicheza pia Kaskazini mwa Afrika, Espérance ya Tunis na Al-Masry ya Port Said, wakati ambapo Mganda kusajiliwa na klabu za namna hiyo lilikuwa jambo la kuzungumzwa mtaani kwa siku nyingi. Na jezi ya Cranes, timu ya taifa ya Uganda, aliivaa.

Kwa hiyo alipotundika daluga hakuwa mtu wa kujitambulisha. Alikuwa ameyaona mazoezi ya Waarabu kwa macho yake, na namna klabu zao zinavyoiandaa mechi ya ugenini. Mtu wa aina hiyo, penye mpango, anachukuliwa na klabu moja, anaanza na vijana, anapanda. Yeye mkoba wake umezunguka Uganda, Tanzania na Rwanda.

Sisi wa huku Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania, tulimpata kwa karibu alipokuwa akiinoa Kagera Sugar, misimu ya 2013/14 na 2014/15. Kiwanda cha sukari chenye timu hiyo kiko Misenyi, ng'ambo tu ya mpaka wetu, na uwanja wa nyumbani, Kaitaba, uko Bukoba. Siku ya mechi kubwa ungewaona vijana wa bodaboda na wauza mitumba wakivuka asubuhi na mapema, wengine wamefunga vibanda kabisa, kwenda kumwangalia Mganda mwenzao akipambana na Yanga au Simba. Kagera haikuwa na fedha za kushindana na vigogo wa Dar es Salaam. Ilichokuwa nacho ni kocha aliyepewa nafasi ya kupanga kikosi chake, kukosea, na kurekebisha wiki inayofuata bila kusoma gazetini kwamba mrithi wake yuko njiani. Wanankurukumbi, kama Kagera inavyoitwa, walikuwa timu ya kukera chini yake: wanakaa kwa pamoja, hawapotezi mpira ovyo, na mgeni akija Kaitaba hatoki kirahisi. Mimi naihesabu kuwa kazi yake safi kuliko zote alizofanya Tanzania, ingawa haina kombe la kuonyesha.

Baada ya hapo akaenda Coastal Union ya Tanga, hakukaa sana, na msimu huohuo wa 2015/16 akajikuta Msimbazi.

Hapo Simba ndipo panapofaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu watu wengi wanamhukumu kwa miezi ile michache. Tarehe 20 Februari 2016 Simba iliingia kwenye mechi ya watani ikiwa mbele ya Yanga kwenye msimamo. Ikacheza pungufu baada ya Abdi Banda kuonyeshwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, Donald Ngoma akafunga, Amissi Tambwe akaongeza, 2-0. Aprili ikatolewa kwenye Kombe la FA na Coastal Union, timu ileile aliyokuwa akiifundisha miezi michache kabla. Katikati ya hayo kulikuwa na mvutano wa nidhamu kambini, na Mayanja hakumwogopa hata nahodha. Msimu ukaisha Simba ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam.

Ukiyasoma hayo kwa haraka utasema alishindwa. Lakini jiulize kocha anayejua kwamba kiti si chake anasimamia nidhamu kwa nguvu gani. Mchezaji mkubwa anayetaka kumgomea anapiga hesabu rahisi: huyu ataondoka Juni, mimi nina mkataba wa miaka miwili. Viongozi wa kamati ya usajili hawamwulizi anataka nani msimu ujao, maana msimu ujao si wake. Hapo mbinu za uwanjani zinakuwa jambo dogo. Kocha bora duniani akiwekwa kwenye kiti hicho atayumba.

Ushahidi mwingine ni kilichofuata. Alipobaki kama msaidizi wa Omog, Simba ya 2016/17 ilimaliza ligi ikiwa na pointi 68 sawa na Yanga, ikakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mei 27, 2017, pale Jamhuri Dodoma, ikaifunga Mbao FC 2-1 katika muda wa nyongeza na kutwaa Kombe la FA, na kwa kombe hilo ikarudi kwenye mashindano ya Afrika. Mayanja aliondoka Oktoba mwaka huo, nafasi yake ikachukuliwa na Masoud Djuma kutoka Rwanda. Desemba Omog naye akatimuliwa. Mei 2018 Simba ikawa bingwa kwa mara ya kwanza tangu 2012, na medali zikavaliwa na watu wengine. Sidai kwamba ubingwa ule ni wake. Nasema sehemu ya kikosi kile alikifinyanga yeye, na sikumbuki mtu yeyote kulisema hilo siku ya sherehe.

KMC mwaka 2019 sitaichambua sana. Alipokea timu iliyokuwa imemaliza ya nne chini ya Mrundi Etienne Ndayiragije, ikatolewa mapema na AS Kigali kwenye Kombe la Shirikisho, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaondoka. Baadaye akafanya kazi Uganda na kisha Rwanda, akiwa na Sunrise.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma. Tangu Csaba László akabidhiwe Cranes mwaka 2006, waliopewa timu ile kwa mkataba kamili wamekuwa wageni mtupu: László mwenyewe, Mskoti Bobby Williamson, Mserbia Milutin Sredojević tunayemwita Micho, Mfaransa Sébastien Desabre, Johnathan McKinstry wa Ireland ya Kaskazini, Micho kwa mara ya pili, halafu Mbelgiji Paul Put. Waganda wamekuwa wakiingia kwenye nyufa kati ya mgeni mmoja na mwingine.

Chukua mwaka 2017. Micho aliondoka Julai kwa sababu ya malimbikizo ya mshahara, tukiwa katikati ya mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Timu akapewa Moses Basena, kwa muda. Agosti 31, uwanja wa Namboole jijini Kampala, Cranes ikaifunga Misri 1-0 kwa bao la Emmanuel Okwi. Misri ile ilikuwa na Mohamed Salah, na ndiyo iliyokwenda Urusi mwaka uliofuata. Oktoba Basena akatoka sare ya 0-0 na Ghana uwanjani hapohapo. Tukamaliza wa pili kwenye kundi, juu ya Ghana. Katika historia yetu ya kufuzu Kombe la Dunia sijui ni mara ngapi tumewahi kusimama vizuri kiasi hicho. Desemba akatangazwa Desabre.

Desabre alifanya kazi nzuri na sitaki kumvunjia heshima. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2019 kule Misri tuliifunga DR Congo 2-0, tukafika hatua ya 16 bora, Senegal ikatutoa kwa bao moja la Sadio Mané. Swali langu ni kuhusu Basena. Mtu ameifunga Misri, ameikaba Ghana, na shirikisho linatazama kazi hiyo na kuona kwamba ni ya kaimu tu. Ni matokeo gani tena yangemtosha?

Mwaka 2021 ikajirudia. McKinstry aliwekwa pembeni kabla ya mechi za mwisho za kufuzu AFCON, Abdallah Mubiru akashika usukani, tukafungwa na Malawi na kukosa mashindano, na Mubiru akabaki hadi Micho aliporudishwa Julai. Na mwaka huohuo, Machi, Morley Byekwaso, mchezaji wa zamani wa Cranes, alikuwa ameifikisha timu ya vijana chini ya miaka 20 fainali ya Afrika kule Nouakchott, Mauritania. Nusu fainali walimpiga Mtunisia 4-1, Derrick Kakooza akifunga matatu peke yake. Fainali Ghana wakashinda 2-0. Kizazi kile kilikuwa na kocha kinayemwamini, na njia ya kawaida ingekuwa kumpandisha pamoja nacho.

Byekwaso alirudi mbele ya macho yetu Agosti 2025, mashindano ya CHAN, ya Waafrika wanaocheza ligi za nchi zao, yalipochezwa hapa, Kenya na Tanzania. Put ndiye aliyekuwa kocha wa Cranes, lakini kikosi cha wachezaji wa ndani kiliachiwa wazawa, Byekwaso akiongoza na Fred Muhumuza pembeni yake. Mechi ya kwanza tulipigwa 3-0 na Algeria, Namboole ikanyamaza, na simu zikaanza kumiminika redioni watu wakitaka afukuzwe usiku uleule. Hakufukuzwa. Tukaifunga Guinea 3-0, tukaifunga Niger 2-0. Halafu ikaja Afrika Kusini. Tulitangulia, wakasawazisha, wakaongeza, ikawa 3-1 dhidi yetu mpira ukielekea ukingoni. Kwenye kibanda cha video nilikokuwa watu walishaanza kutoka kutafuta boda za kurudi makwao. Penalti ya kwanza Allan Okello akaweka wavuni. Katika dakika za nyongeza penalti ya pili, Rogers Torach akaweka. 3-3, Uganda kinara wa kundi, na kwa mara ya kwanza robo fainali ya CHAN. Senegal ilitutoa 1-0, lakini kocha aliyepigwa tatu bila siku ya kwanza alikuwa amepewa siku kumi na nne za kujibu, na alijibu.

Watu wa Kampala wananiambia kwamba mchezaji nyota si lazima awe kocha mzuri. Nakubaliana nao kabisa. Kocha Mganda Sam Timbe alitwaa Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, akiwa na SC Villa, Polisi ya Uganda, Atraco ya Rwanda na Yanga, klabu nne za nchi tatu, na watu walimheshimu kwa kazi yake ya benchi, si kwa chenga za ujanani. Jina la uchezaji linafungua mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Wachezaji wananyamaza unapoingia. Baada ya wiki mbili hawakumbuki tena ulifunga mangapi, wanatazama mazoezi yako yana akili gani. Ndiyo maana siombi kwamba Mayanja au mwingine yeyote apewe Cranes kwa sababu alicheza Tunis. Naomba apimwe kwa muda unaotosha kupimika.

Na muda huo tunajua unavyozaa, kwa sababu klabu moja hapa nchini ilithubutu. KCCA, ndiyo KCC ile ya zamani, ilimpa Mike Mutebi timu mwaka 2015 na ikamwacha nayo hadi 2021. Mutebi ana mdomo, anagombana na waamuzi, na mara nyingi maneno yake yaliwachosha hata mashabiki wake. Angekuwa kaimu asingemaliza miezi mitatu. Lakini alipewa nafasi ya kujenga. Aliwatupa vijana wadogo kwenye mechi kubwa na kuwavumilia walipoharibu. Akatwaa ligi 2016, 2017 na 2019. Mwaka 2017 KCCA ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho, 2018 ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, jambo ambalo hakuna klabu ya Uganda iliyokuwa imelifanya, na katika kundi hilo lililokuwa na Espérance, klabu ya zamani ya Mayanja, ikaifunga Al Ahly 2-0 hapa Kampala. Mwaka 2019 ikabeba Kagame kule Kigali. Allan Okello aliuzwa Algeria, Mustafa Kizza akaenda Montreal, Timothy Awany akaenda Israel. Okello aliyepiga ile penalti ya Afrika Kusini alikulia mikononi mwa Mutebi.

Hakuna uchawi pale. Mwajiri mmoja, miaka sita, kocha mmoja mwenye kauli ya mwisho kuhusu nani anacheza.

Ibrahim Sekagya anatoa mfano uleule kwa njia nyingine. Nahodha wetu yule aliyepitia Argentina na Red Bull Salzburg, ambaye Oktoba 2011 alitoka Namboole na sare ya 0-0 na Kenya iliyotunyima AFCON, alimalizia uchezaji New York Red Bulls na akabaki hukohuko. Wakamweka kwa vijana, wakampandisha timu ya pili, wakamweka benchi la timu kubwa. Anafundishwa kazi huku akifanya kazi. Wamarekani wamekaa na nahodha wetu zaidi ya miaka kumi wakimwandaa, sisi tunamkumbuka tu pale kocha mgeni anapoondoka na majina yanapoanza kutajwa.

Wanaotetea wageni wana hoja, na sitaikwepa. Micho ndiye aliyetutoa kwenye ukame wa kukosa AFCON tangu 1978, Septemba 2016, kwa bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro. Nililia siku ile kama wengine. Put naye ametufikisha AFCON ya Morocco. Lakini ile Cranes ya 1978 iliyofika fainali dhidi ya Ghana, ikiwa na Phillip Omondi ambaye uwanja wa Lugogo sasa unabeba jina lake, ilikuwa mikononi mwa Mganda, Peter Okee. Baada yake Polly Ouma, aliyewahi kuwa mshambuliaji wa kutisha, alipewa timu, na Paul Hasule alipewa pia. Wazee wetu hawakuona ajabu Mganda kukaa kwenye kiti kile. Sisi tumezoea kuona ajabu katika miaka hii ishirini tu.

Mwaka 2027 AFCON inakuja Afrika Mashariki, nasi tukiwa wenyeji pamoja na Kenya na Tanzania. Najua FUFA, shirikisho letu la soka, haitabadilisha kocha mkuu kwa sababu ya makala ya mtu wa Mutukula, na pengine haipaswi kufanya hivyo muda ukiwa umebana. Kuna jambo dogo inaloweza kulifanya bila gharama kubwa. Msaidizi wa kwanza awe Mganda mwenye mkataba wake mwenyewe, usiofungwa na mkataba wa mgeni, unaovuka mashindano hayo na kuendelea angalau hadi mwisho wa mechi za kufuzu zinazofuata. Iandikwe ndani yake kwamba mkuu akiondoka, yeye anachukua timu kwa kipindi chote kilichobaki, si kwa mechi mbili. Mchezaji akijua hivyo hawezi kumgomea msaidizi, na mgeni akijua hivyo atamfundisha kazi.

Mayanja sasa ameshavuka umri wa kuitwa kijana, na sidhani kama kiti hicho kitakuwa chake. Byekwaso bado yupo, na amekuwa na vijana hawa tangu Nouakchott.